Barua Moja Moja

Mwalimu wetu wa taipu hakuruhusu kifutio darasani. Hakuruhusu kifutio cha mpira, wala ile rangi nyeupe ya kupaka juu ya herufi, wala kukwaruza karatasi kwa wembe kama walivyofanya makarani wa zamani. Ukikosea neno, ulirudisha mashine nyuma, ukapiga mstari mmoja juu ya neno hilo, mmoja tu, kisha ukaandika neno sahihi mbele yake. Ukirudia mstari mpaka kosa lisisomeke, alikuja akaivuta karatasi yako kutoka kwenye mashine na kuichana. "Kosa nataka kuliona," alisema. "Wewe wanificha nini?" Mimi nilichaniwa karatasi nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa mwaka wangu, na sasa ninapokaa kumweleza, sauti ya karatasi zile ndiyo inayonijia kwanza.

Chuo chake kilikuwa chumba kimoja cha ghorofani hapa Malindi, juu ya duka la vitambaa. Palikuwa na mashine kumi na mbili za taipu, na baadaye, dunia ilipobadilika, kompyuta sita ambazo alizifunika kila jioni kwa leso alizopewa na mwenye duka la chini, hivyo kila kompyuta ilikuwa na leso yake na maneno yake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mji wa kale, Kiswahili chake kimenyooka. Sisi wengi tulitoka mashambani, Gede, Ganze, Vitengeni kwetu, na tuliongea Kigiriama tukiwa ngazini na Kiswahili tukishavuka mlango. Hakutucheka. Alikurudishia tu sentensi yako, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ikakaa sawa.

Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, na vidole vyake vilikuwa virefu kuliko kimo chake kilivyoruhusu. Kula darasani ilikuwa marufuku, hata maji ya kunywa, lakini droo ya meza yake haikukosa halua, na sote tulijua kwa sababu karatasi alizotusahihishia zilinata. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Sidi ndiye aliyewahi kuilamba kona ya karatasi yake mbele yake, na Mwalimu akajitia hamnazo, akageukia dirishani.

Halafu alikuwa mwizi wa karata. Hili huwa sichoki kulisimulia. Mtu yule ambaye nukta ikipotea alikutafutia nukta hiyo kama mtoto aliyepotea, alasiri za Ijumaa aliketi na majirani zake na kuwaibia karata waziwazi, moja chini ya goti, moja ndani ya mkono wa buibui. Siku moja nilimpelekea funguo za chuo nikamkuta katikati ya wizi. Nilibaki mdomo wazi. Akanitazama juu ya miwani.

"Nini, mwanangu? Hapa sote twaibiana, na sote twajua," akasema. "Mimi siwezi kumuibia mtu asiyejua kwamba kuna mchezo."

Majirani wakacheka. Nami nikacheka. Maneno hayo nimeyakumbuka baadaye, mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha.

Kwake barua bila salamu haikuwa barua. Tulipofika somo la barua za ofisi, tuliona tumekuwa watu wa kisasa, tukaanza moja kwa moja na shida. Alizirudisha zote. "Mwaingia kwa watu hamkupiga hodi," alisema, na akatutoa nje wote, darasa zima, tukapanga mstari ngazini na kuingia tena mmoja mmoja, kila mtu apige hodi, amsalimu, amuulize hali, naye amjibu na kumuuliza ya kwao. Tulikuwa ishirini na wawili. Somo liliisha hivyo. Na salamu mbili zilizofanana hakuzikubali. Ukimwambia aliyoambiwa na mwenzako, ulirudi ngazini kufikiria nyingine.

Nimemtaja Sidi, na lazima nimweleze kidogo. Alitoka Ganze, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatwa na mashine ya kusaga mahindi akiwa mdogo. Jedwali la taipu limepangiwa vidole kumi, kila kidole na herufi zake, na herufi za kidole kile ni nyingi. Chuo kingine kilikuwa kimekwisha kumkataa. Mwalimu alimpokea. Alijifunga kidole chake mwenyewe kwa leso ya mkononi, akakaa siku tatu akiandika kwa vidole tisa, akikosea, akijipigia mistari, akiguna. Siku ya nne alimchorea Sidi jedwali jipya, la kwake peke yake. Sidi alipasi mtihani akiwa wa pili. Mimi nilikuwa wa tano, na vidole vyangu vyote kumi.

Tulipomaliza na kutawanyika, hakutuacha. Alikuwa na daftari la gamba jeusi, nene, na ndani yake kila mwanafunzi aliyewahi kupita alikuwa na mistari yake kadhaa: anwani, na mambo ambayo Mwalimu hakutaka kuyasahau. Hakumpa mtu kulisoma. Ila mara moja, akitafuta anwani ya Sidi, aliniachia nione ukurasa ule kwa sekunde chache: "Usimuulize habari za kidole. Muulize hali ya mamake." Kwa daftari hilo alituandikia barua mara mbili kwa mwaka, Waislamu kabla ya Idd na Wakristo kabla ya Krismasi, kila mtu barua yake. Kwanza za karatasi na stempu. Halafu mwanafunzi mmoja aliyeingia mambo ya kompyuta akamfungulia anwani ya barua pepe yenye jina la chuo, kama zawadi. Mwalimu aliidharau anwani hiyo mwaka mzima. Baadaye akagundua kwamba majibu huja siku hiyo hiyo, na dharau ikaisha.

Mimi ndiye niliyekuwa naiangalia anwani hiyo, kwa kuwa nilibaki karibu, na mambo hayo niliyajua. Siku moja nikamwonea huruma, nikamwonyesha kwamba si lazima ataabike. Angeandika barua moja tu, nikamwambia, akabonyeza mara moja, na ikawafikia wote, kila mtu kwa jina lake. Akaisogelea kompyuta.

"Na hili pengo hapa ni la nini?"

"Hapo mashine itajaza jina, Mwalimu."

"Na hali ya mamake Sidi, itajazwa na nani?"

Akanipigapiga begani, hakukasirika, na akaendelea kuandika moja moja. Lakini alinipa neno la siri la kufungulia anwani ile, ili akikwama nimkwamue. Aliliandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nyingi kama hirizi, akakitia mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Nilikitia mkobani. Kilikaa mkobani miaka minne bila kazi yoyote mbaya.

Kazi ya maana niliipata hotelini, pwani ya Bofa, kule Kilifi. Nilikaa ofisi ya nyuma, na kazi yangu ilikuwa kutuma barua pepe kwa maelfu ya watu kwa mpigo, maofisi na makanisa ya bara, kuwaambia waje wafanye semina zao kwetu, upepo upo, samaki wapo. Aliyekalia kiti kile kabla yangu alikuwa amenunua orodha ya anwani mahali fulani na kuwatumia wote siku moja, watu ambao hawakumjua wala kumuomba. Tangu siku hiyo mitambo inayochuja barua iliishika anwani ya hoteli kama wenye vibanda wanavyomshika mtu aliyewahi kuiba sokoni. Chochote tulichotuma kilitupwa kwenye sanduku la taka, ambamo hakuna anayetazama.

Dawa yake si siri, na niliijua. Unafuta kwenye orodha kila anwani iliyokufa na kila mtu ambaye hakukuomba barua. Unaweka mahali pa mtu kujitoa akikuchoka, na akijitoa unamwacha aende. Kichwa cha barua hukiandiki kwa herufi kubwa tupu, wala huahidi vya bure. Na unaanza polepole, barua ishirini leo, arobaini kesho, kwa watu wanaokujua na watakaokujibu, maana mitambo ile hutazama majibu. Mtu anayejibiwa huaminika. Ukivumilia miezi kadhaa, jina lako linaanza kurudi. Nilimweleza meneja wetu, mtu wa bara, hivyo hivyo nilivyoeleza hapa.

"Kadzo, miezi mimi sina," akasema. "Hizi email zifike kwa watu, na zifike mwezi huu. Kama imekushinda sema tu, nitafute mtu mwingine."

Nyumbani Vitengeni mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukiinjika chungu. Nasema hivyo ili ieleweke, si ili nisamehewe. Nikakumbuka kwamba mkobani ninayo anwani ambayo haijawahi kumuudhi mtu. Ilikuwa na umri. Ilituma barua kidogo kidogo, kila barua tofauti na nyingine, na karibu kila aliyeandikiwa alijibu. Kama ungekaa chini kubuni anwani ambayo mitambo itaipenda, ungebuni ile ya Mwalimu.

Sitasema shetani alinipitia. Nilipanga. Kwanza niliwaandikia wanafunzi wake hamsini hivi, wale wasiokosa kujibu, kwa jina lake na kwa mtindo wake, salamu fupi tu, ili majibu yao yaipashe moto ile anwani. Niliijua sauti yake vizuri, nilikuwa nimeisikia miaka. Walijibu siku hiyo hiyo, kwa furaha, wakimwita mama. Nami nilikaa nikiyafuta majibu yao moja baada ya jingine, asije akayaona akashangaa. Sidi aliandika kwa kirefu. Alisema amejifungua mtoto wa kike, na amempa jina la Mwalimu, na kwamba alikuwa akisitasita namna ya kumwambia. Niliisoma barua hiyo mara mbili. Kisha nikaifuta.

Wiki iliyofuata nikazitoa barua za hoteli, elfu kadhaa, kwa anwani ya chuo cha taipu, zikianza na salamu yake: "Natumai barua hii inakukuta u mzima, wewe na wote walio kwako." Zikafika. Watu wakajibu, vikundi viwili vikaweka nafasi, na meneja akaniletea soda ofisini kwa mkono wake mwenyewe. Lakini wengine wengi hawakujua chuo cha taipu ni nini, wala kimepata wapi anwani zao, na wakabonyeza kile kitufe cha kusema hii ni taka. Walikuwa na haki. Siku ya kumi barua zikaacha kufika. Nikazifuta nyayo zangu, na nikajiambia kwamba Mwalimu haandiki mpaka Idd, na ikifika Idd mambo yatakuwa yametulia.

Hakungoja Idd. Mwenye nyumba alikuwa amekitaka chumba chake, na Mwalimu aliamua kwamba kabla hajarudisha funguo atawaita wanafunzi wake wote, wa miaka yote, Jumamosi moja alasiri, tuonane mara moja tukiwa pamoja. Alikaa wiki tano akiziandika barua hizo. Zilikuwa zaidi ya mia mbili. Alinipigia simu kunijulisha alikofikia, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Leo nimefika mwaka wenu," aliniambia. "Wewe nimekuandikia mengi, usinicheke."

Barua yangu niliikuta kwenye sanduku la taka. Iliniuliza kama mamangu amepona goti, na ikasema nije naye, kiti chake kiko karibu na dirisha ili apate upepo, na nisihangaike kujibu, jibu langu ni kuja. Nilikaa nikiitazama. Kama yangu ilikuwa mle, za wenzangu zilikuwa mle pia, na hakuna hata mmoja wao ambaye angekwenda kutafuta.

Zilibaki wiki tatu. Wiki tatu zinatosha kumpigia simu kila mtu. Nilimpigia wa kwanza, akafurahi, akasema atakuja. Nikampigia wa pili, naye akasema atakuja, ila akaniuliza, "Mbona Mwalimu hakuniandikia mwenyewe? Mimi nimemkosea nini?" Nikamwambia labda barua iko njiani. Baada ya simu hiyo sikumpigia wa tatu. Niliona kwamba kila nitakayempigia ataliuliza swali hilo, na mmoja wao atakwenda kumuuliza Mwalimu, na Mwalimu ataniuliza mimi. Nilijikausha. Ndivyo ilivyokuwa, na sina namna ya kulieleza likapendeza.

Siku yenyewe alikuwa amekodi viti vya plastiki, vimejaa chumba na kushuka mpaka ngazini. Zile mashine za zamani alizipanga kando ya ukuta, zimefutwa vumbi, kila moja imetiwa karatasi mpya, mtu akitaka kujikumbusha aandike. Kulikuwa na sinia tatu za sambusa na ndoo ya sharubati ya ukwaju. Tulikuja watu wanne: mimi, wale wawili niliowapigia simu, na mwenye duka la vitambaa, ambaye hakuwahi kusoma pale. Yule wa pili, alipoviona viti vile vitupu, aliona haya kuuliza habari za barua. Mwalimu hakukubali kuanza. "Wengine watoka mbali," alisema, na kila miguu iliposikika barabarani alinyanyua uso. Ilipofika alasiri ya mwisho akasimama, akatoa hotuba yake nzima kutoka kwenye karatasi, pamoja na mahali alipoandika "nawaona wengine mmenenepa", akasubiri kidogo tucheke, tukacheka. Alinipa sambusa kwa mkono wake. Nilikula.

Idd ilipokuja hakuandika. Krismasi pia. Mashine aligawa. Mimi niliondoka Bofa mwaka uliofuata, nikapata kazi nyingine ambayo haihusiani na barua, na kila nilipopita Malindi nilipita upande wa pili wa mji.

Mwaka jana akaniita. Alimtuma jirani anipigie, niende na mashine yangu, kompyuta ndogo ya kubeba. Nilimkuta uani kwake asubuhi, amekalia mkeka, miwani ile ile, kamba nyingine ya kiatu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo hapa, keti penye mwanga, wewe ndiye uonaye. Hawajambo Vitengeni?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Walisema wanisalimu, au wewe ndiye uliyewaamulia?" Akatabasamu. "Haya, fungua mashine. Nataka kuandika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Ile njia yako ya pengo, uliyonionyesha. Leo nitaikubali. Nimechoka, na neno lenyewe ni moja kwa watu wote."

Nikafungua. Akanyoosha mgongo kama alivyokuwa akifanya darasani kabla ya imla, na akaanza kusema polepole, akinipa nafasi ya kila nukta.

"Wanafunzi wangu. Natumai barua hii yawakuta wazima, nyinyi na wote walio kwenu. Niliwaita, hamkuja. Nimekaa nikilifikiri jambo hili, nami naona watu mia mbili hawawezi kuwa wote wana shughuli siku moja. Kwa hivyo kosa ni langu. Nilikuwa mkali. Niliwachania karatasi. Wako niliowapiga rula vidoleni, na wako niliowaliza mbele ya wenzao kwa ajili ya nukta. Mimi nikidhani nawafunza, kumbe nawachoma. Naomba mniwie radhi."

Vidole vyangu vilikuwa vimesimama kwenye "nawachoma". Aliisikia mashine imenyamaza.

"Umekosea?"

"Nimekosea, Mwalimu."

"Piga mstari, twende."

"Si hapo," nikamwambia. "Nimekosea huko nyuma."

Nikamweleza. Sikulieleza vizuri. Nilianza na mvua ya Vitengeni, nikaona najitetea, nikarudi nikaanza na karatasi iliyokunjwa. Nilimweleza hoteli, na mitambo, na salamu zake juu ya barua za watu wengine, na kile kitufe. Alisikiza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye mwaliko akanyanyua mkono ninyamaze.

"Hawakuipata?"

"Hawakuipata."

"Hata mmoja?"

"Niliipata mimi. Kwenye taka."

"Alhamdulillahi," akasema kwa sauti ndogo. Akaivua miwani, akaifuta kwa pembe ya leso, na uso wake ukafunguka hata nikaona meno. "Hawakuipata. Mimi nadhani wamenichukia, kumbe watu wenyewe hawana habari."

Ningeweza kuishia hapo. Nilimwona amefurahi, na moyo wangu wa woga ukaniambia inatosha. Lakini lilibaki moja, na niliona kwamba nikiondoka nalo siku hiyo sitalisema tena. Nikamwambia kuhusu majibu niliyoyafuta. Nikamwambia kuhusu Sidi na mtoto.

Jirani alikuwa akitwanga kitu upande wa pili wa ukuta, na nilimsikia akitwanga mpaka akamaliza.

"Jina langu?"

"Jina lako."

"Sasa huyo ashaanza kusema."

"Nadhani ashaanza."

"Na Sidi, muda wote huu, adhani niliisoma barua yake nikanyamaza."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hapo ndipo uso wake ulipojifunga. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Aliirudisha miwani usoni, ingawa haikumsaidia kitu.

"Siku ile ulikula sambusa ngapi?"

"Tatu."

"Na ulikuwa wajua."

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata jumla aliyokuwa akiitafuta. Kisha akanituma ndani, juu ya kabati, nilete daftari. Niliporudi aliuliza kama barua ile ya wote ingali kwenye mashine. Nikasema ingalipo, niifute?

"Usiifute. Iache ilipo," akasema. "Utaandika nyingine, moja moja, kwa anwani yako wewe na kwa jina lako wewe. Kila mtu umwambie ulivyofanya. Mimi nitakwambia cha kumuuliza kila mmoja. Ukichoka utakuja kesho, na kesho kutwa. Twaanza na Sidi. Nisomee mwaka wenu, mimi sioni tena."

Nikafungua daftari na kuusaka mwaka wetu. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umesimama wima. Nikasoma jina la kwanza na habari zake, la pili na habari zake, na kila nilipomaliza mmoja alitabasamu kidogo au kuguna. Jina langu lilikuwa juu ya jina la Sidi. Nilipolifikia nikalisoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti."

"Kadzo," nikasoma. "Kichwa kigumu. Hupiga mistari miwili. Muulize goti la mamake. Mwaminifu. Siri ya anwani nimempa yeye."

"Kalamu i humo ndani," akasema. "Sahihisha."

Nikaitafuta kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya neno "mwaminifu". Mkono ulitaka kurudia, nikauzuia.

"Lasomeka?"

"Linasomeka."

"Mbele yake umeandika nini?"

"Bado sijaandika."

Akafikiri. Akapapasa mkeka mpaka akaugusa ukingo wa daftari, akaunyoosha.

"Basi acha pengo," akasema. "Haya, sasa Sidi. Anza kwa kumuuliza hali ya mamake."